Lowell Amstutz na Maskini wa Mbali

Lowell Amstutz aliingiwa na huruma kwa maskini siku ileile daktari alipomwambia apunguze tumbo. Kabla ya hapo huruma ilikuwepo, hatukatai, ila ilikuwa imekaa tu kama yeye mwenyewe, dukani kwake kati ya marobota ya mazulia, ikingoja mteja.

Basi Jumapili moja mchungaji akatangaza msafara wa baiskeli kutoka kwetu Ohio hadi Tennessee, wiki mbili barabarani, kila mwendesha baiskeli akichangisha fedha za kuwajengea watu nyumba za bei wanayoimudu. Lowell alinyoosha mkono kabla mchungaji hajamaliza kusema. Kanisa zima likapiga makofi. Nami nilipiga, ila polepole. Nilikuwepo kwenye kikao cha baraza la mji miezi michache kabla, Lowell aliposimama kupinga nyumba za namna hiyohiyo zisijengwe kwenye kiwanja cha mwisho wa mtaa wake.

"Mimi sina neno na maskini," alisema siku ile, mkono kifuani. "Neno langu ni barabara. Barabara yetu ni nyembamba."

Barabara yenyewe gari la zimamoto hupita, na lori likaegeshwa kando, na bado mtu akabaki na nafasi ya kumtembeza mbwa.

Mimi nilikuwa nimekubali kuendesha gari la mizigo la msafara, kwa hiyo niliyaona yote kwa macho yangu. Niliona hata siku alipojaribu nguo zake mpya sebuleni, suruali fupi nyeusi ya kubana na fulana ya njano inayoonekana kutoka jimbo la pili. Mkewe Marlys alimzunguka mara moja, akatikisa kichwa.

"Lowell, hiyo suruali imekubana mpaka naona ulichokula jana."

"Ni ya wataalamu, mke wangu. Inapunguza upepo."

"Upepo gani tena huo utakaokusukuma wewe?"

Tukaondoka. Kwa watu waliokuwa wakiteseka kwa ajili ya wanyonge, tulikula vizuri mno. Kila jioni kanisa fulani lilitupokea kwa tambi za jibini, kuku wa kukaanga na keki za kila rangi, kisha tukatandika magodoro sakafuni kwenye madarasa ya watoto. Na kila jioni Lowell aliombwa aseme machache, kwa sababu alikuwa ameketi kwa namna ya mtu anayengoja kuombwa.

"Kila binadamu," alikuwa akisema, akifuta mchuzi mdomoni, "anastahili paa zuri juu ya kichwa chake."

Akina mama wa kanisa walitokwa na machozi. Mimi nilijiongezea viazi.

Tulipoingia milima ya Kentucky mambo yakageuka. Huko vilima ni vikali, njia hupinda kama utumbo, na mbwa wa watu hawafungwi. Mbwa wa huko akiona baiskeli huona nyama iliyoletewa magurudumu. Waendesha baiskeli wengine walikuwa wamefundishwa la kufanya, kwamba ushuke, uweke baiskeli kati yako na mbwa, umkemee. Lowell hakuhudhuria somo hilo, alikuwa anapigwa picha.

Nilikuwa nyuma yake na gari. Mbwa mwekundu, si mkubwa, alichomoka uani akibweka. Lowell akapiga ukelele ambao sikujua mwanamume wa kanisa letu anao, akakanyaga pedali kwa nguvu zote, akageuka kumtazama mbwa, na mtaro ukampokea. Mbwa alisimama ukingoni, akamnusa kiatu, akarudi kwao. Alikuwa amemaliza kazi yake.

Mwenye mbwa alishuka ngazi za baraza akiwa na taulo begani. Jina lake Renita Combs, mama wa makamo, mpishi wa shule.

"Pole, baba. Umeumia wapi?"

"Kila mahali," akasema Lowell kutoka mtaroni.

"Kila mahali si mahali. Nyanyua huo mkono." Hakuweza. "Haya, umevunjika mtulinga, huu mfupa wa begani." Akanigeukia mimi. "Dada, nishikie huku tumtoe. Taratibu, ni mzito huyu."

Tukamwingiza ndani. Renita alimwosha uso, akamfunga mkono shingoni kwa kitambaa cha kichwa chenye maua, na tulipokuwa tukimngoja muuguzi wa msafara akatuwekea maharage na mkate wa mahindi. Lowell, pamoja na maumivu yake yote, alikula sahani mbili. Kisha akaanza kutazama huku na huku.

"Nyumba nzuri," akasema.

"Wamenijengea watu kama nyinyi, wa baiskeli. Nami nilipigilia misumari na wao, na kila mwezi nailipia, sikupewa zawadi." Akaupiga teke mlango wa jikoni uliokataa kufungwa kwa mkono, ukafungika. "Huu aliutia daktari wa meno wa Michigan. Mtu mwema sana. Meno ya watu sijui anayatiaje."

Lowell akacheka, akashika bega, akaacha kucheka.

"Na kwenu je?" Renita akauliza. "Kwenu mnazijenga upande gani?"

Lowell akayatazama maharage. Mimi nikamtazama Lowell. Mungu anisamehe, ile nafasi ilikuwa tamu mno.

"Kwao barabara ni nyembamba," nikasema.

Renita akatazama nje dirishani, kwenye ile njia yake ambayo magari mawili hayapishani bila moja kuingia majanini. Akamtazama Lowell, kuanzia kichwa hadi ile suruali.

"Nyembamba kuliko yangu?"

Uso wa Lowell ulikuwa mwekundu kuliko mbwa.

Hakupanda baiskeli tena. Safari iliyobaki aliketi kando yangu garini, akipaka siagi ya karanga kwenye mikate ya wenzake kwa mkono mmoja, na zile hotuba za jioni zikakoma. Mwanzo nilidhani ni maumivu. Tulipofika Tennessee kujenga, alipewa kazi ya kushikilia ncha ya mbao, wengine wapime na kukata. Siku nzima juani, hakuna aliyempiga picha, na hakulalamika. Njiani kurudi akaniuliza, bila kunitazama:

"Ardith, siku ile ya kikao, watu walinionaje?"

"Walikuona kama ulivyokuwa, Lowell."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesikia?"

Akafikiri mpaka tulipofika kituo cha mafuta. "Hapana," akasema, akaenda kununua kahawa. Alininunulia na mimi. Msidhani ni jambo dogo, mnajua wenyewe jinsi anavyoshika pochi.

Majani yalipoanza kudondoka, ule mpango wa nyumba ukarudi mbele ya baraza la mji. Watu wa mtaa wake walikuja wengi, na wote walimgeukia Lowell, maana ndiye msemaji wao. Akasimama, bega moja bado liko chini kidogo.

"Barabara inatosha," akasema, akaketi.

Ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa. Wendell Roush, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akamwinamia.

"Hivi wewe uliangukia bega au kichwa?"

"Bega."

"Kaangalie tena, bwana."

Nyumba zilijengwa, chache kuliko zilizoombwa, kama kawaida ya baraza letu. Wendell hakumsalimia Lowell mpaka Krismasi. Wa kwanza kuhamia alikuwa Yolanda Bricker, muuguzi wa zamu za usiku, na malalamiko ya kwanza ya mkazi huyo mpya yalimhusu Lowell. Alimwendea mlangoni na kanzu ya kulalia, akamwambia mashine yake ya kukata nyasi inamtoa usingizini kila asubuhi.

Lowell alikuja kwangu akitoa moshi. "Nimewatetea mimi! Nimevunjika mfupa kwa ajili yao!"

"Ulivunjika kwa ajili ya mbwa," nikamwambia.

Siku hizi hukata nyasi alasiri, jua likiwa kali, akinung'unika peke yake. Yolanda akiamka humpelekea glasi ya maji ya barafu. Lowell huyanywa amesimama palepale uani, akimlalamikia Yolanda huyohuyo juu ya majirani wanaolala mchana.