Jina Juu ya Mtutu

Mimi ni mkusanyaji wa bunduki mwenye bunduki moja. Cheka tu, mke wangu pia hucheka. Mchana nauza makufuli na bawaba katika soko la Owino, jioni nasoma habari za mafundi wa kale wa Marekani waliounda bunduki ndefu za gumegume, zile zinazowaka kwa cheche ya jiwe. "Mume gumegume ndiye huyu," mke wangu huwaambia wageni, nami namwacha, maana mdomo wake siuwezi.

Bunduki yenyewe niliachiwa na Mmarekani mzee aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Kyambogo, alipokuwa anarudi kwao kabisa. Polisi waliuziba mtutu, wakanipa kibali cha kuiweka kama pambo. Kitako chake ni cha mti wenye mistari ya mawimbi, na kina kijisanduku cha shaba ubavuni. Lakini mimi roho yangu ilikuwa kwenye mtutu. Mafundi wale walichora majina yao juu yake, na jina la huyu wangu lilifunikwa na kutu: herufi ya kwanza ilisomeka, zilizobaki zilikuwa vivuli. Bila jina, hiyo ni bunduki ya mtu yeyote. Nilitaka kumjua fundi wangu. Nikawa naupaka mtutu mafuta kidogo kidogo, nikingoja kutu ilegee. Subira huvuta heri, nilijiambia.

Baba mkwe wangu alihamia kwetu Luzira baada ya kufiwa na mkewe. Ni mtu wa kaskazini, na maisha yake yote ya kazi alitengeneza bunduki za polisi zilizoharibika. Kukaa nyumbani kwa mkwe ni kuzito kwa mzee, hivyo alizungumza kidogo na kila siku alitafuta kitu cha kurekebisha. Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta barazani, mikono myeusi, msasa pajani, na mtutu wangu unang'aa kama sufuria ya arusi.

"Mkwe, hii ilikuwa na kutu mingi sana," akasema. "Inspekta akiona, wewe nakwenda ndani."

Kwake yeye bunduki yenye kutu ni aibu ya nyumba nzima, naye alitaka kunisitiri. Nikapapasa chuma kwa kidole. Laini tupu, hakuna hata herufi moja. Nilitaka kulia. Mkwe hapigiwi kelele, basi nikazunguka nyuma ya nyumba nikaukemea ukuta.

Niliporudi, mke wangu alikuwa ameshamweleza babake. Mzee alikuwa ameukunja msasa, hanitazami.

"Hiyo jina ilikuwa ya nani?" akauliza.

"Ya fundi aliyeiunda, Baba. Alikufa zamani sana."

"Na bado watu natafuta yeye?"

Nikamwambia wapo wengi, huko ng'ambo, wanaowatafuta mafundi ambao hakuna aliyewakumbuka. Kisha akasema bunduki alizotengeneza yeye zilikwenda vituo vya polisi vya nchi nzima, na kuweka jina kulikuwa marufuku.

"Kitako nachonga mimi mwenyewe, kwa mkono. Hakuna mtu nauliza."

Hasira ilinitoka pale pale. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye.

"Cha kwanza ulikichonga wapi, Baba?"

Akanitazama kuona kama natania. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaanza na jina lake kamili.