Indiketa ya Mwalimu Sesilia

Mwalimu Sesilia wa Goba amevumilia mengi, lakini kuitwa msahaulifu na mume wake mwenyewe mbele ya watu, hilo lilimkaa kooni. Miaka kumi na moja anaendesha lile gari lao kuukuu kwenda kufundisha Kawe, na hajawahi kukata kona bila kuwasha indiketa. Siku ile Nassibu wa bodaboda alimvaa ubavuni kwenye kona ya kijiwe chao, akaapa hakuona taa yoyote. Albano, badala ya kumsikiliza mkewe, akamwomba radhi Nassibu palepale kijiweni. Eti mama watoto siku hizi anasahausahau. Vijana wakacheka. Jioni ileile akamnyang'anya ufunguo. Jamani, huyo ni mume au shahidi wa upande wa pili?

Sesilia akashikilia taa ipimwe, mara mbili wakaenda kwa fundi Hija, Albano kwenye usukani. Mara mbili Hija akasema washa indiketa, akazunguka nyuma, akaiona inawaka na kuzima sawasawa, akafuta mikono. Taa nzima. Albano akamtazama mkewe kwa huruma, kama anatazama mgonjwa, na huruma hiyo ikamchoma kuliko kile kicheko.

Mara ya tatu Sesilia hakukaa kwenye benchi la wateja. Alisimama nyuma ya gari, mikono kiunoni. Taa ikawaka vizuri tu, Hija akaokota tambara lake.

"Fundi," Sesilia akasema, "nani anakata kona bila kukanyaga breki?"

Sesilia akamwamuru mumewe akanyage. Albano akakanyaga, indiketa ya nyuma ikafa. Akaachia, ikafufuka. Na kwenye dashibodi mshale unaendelea kuwaka na kuzima, dereva atajuaje? Hija akafungua taa: waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, mmoja kwa breki na indiketa, umeliwa na kutu hadi umebaki uzi. Ufundi wa miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kupima mguu ukiwa kwenye breki! Akabadilisha waya, akakwangua kutu, akakaza. Dakika kumi.

Albano akashuka, akamnyooshea mkewe ufunguo, akasema basi yaishe.

"Hayajaisha. Ulinisema mbele ya Nassibu na wenzake, na mbele yao utanisafisha. Panda."

Albano akapanda upande wa abiria. Kijiweni, Sesilia akazima gari mbele ya pikipiki zote, akamngoja ashuke.