Muhuri wa Chifu

Miaka ile ya mwanzo wa uhuru, katika jeshi la anga, mtu asiyekuwa ofisa alipanda mpaka cheo cha waranti ofisa, kisha basi. Mimi nilifika hapo. Nilikuwa mkubwa wa wadogo wote kambini. Maofisa waliniheshimu kwa ulimi, askari waliniheshimu kwa woga, na sikuwa wa upande wowote. Kwetu Mwabungo watu waliamini kwamba narusha ndege, nami niliwaacha waamini. Ukweli ni kwamba nilizipanda mara nne maisha yangu yote, na mara zote nne nilitapika.

Kazi yangu ya ujana ilikuwa katika hanga la ndege, kufungua injini na kuzifunga. Pale ukutani palikuwa na ubao wa vifaa, na kila spana ilikuwa na umbo lake lililochorwa kwa rangi nyekundu. Jioni, umbo moja likibaki wazi, hakuna ndege itakayoruka kesho yake mpaka spana ipatikane. Niliupenda sana ubao ule. Kitu kipo au hakipo, hakuna maneno mengi. Nadhani ndio ulioniharibu, kwa sababu nilipopewa watu niwasimamie, nilitaka nao niwaangike ukutani namna ile.

Nilipopata cheo nilikabidhiwa habari za ruhusa. Askari akitaka kwenda kwao alipita kwangu kwanza, nami nikampeleka kwa kamanda au nikamrudisha alikotoka. Na wale vijana walikuwa waongo, Mungu awasamehe. Mmoja alimzika bibi yake mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mara ya nne bibi mwenyewe akaja getini na kikapu cha ndizi kumsalimia mjukuu. Kambi nzima ilicheka wiki mbili. Mimi sikucheka. Niliandika amri nikaibandika mlangoni: simu ya maandishi peke yake haimpi mtu ruhusa. Iseme wazi nani amekufa au nani yu mahututi, naye awe mzazi, mke au mtoto, kisha ifuatwe na barua yenye muhuri wa chifu. Kamanda, Mwingereza aliyebakia baada ya bendera kubadilishwa, aliisoma akasema angetamani kuwa na watu kumi kama mimi. Nililala usingizi mzuri siku ile.

Sasa nitasema habari ya mamangu. Alinizaa mimi peke yangu. Likizo ya mwisho niliyokwenda nyumbani nilimkuta amekonda, amekaa mkekani anachambua mchele, na kabla sijamaliza kumwamkia akaniambia jambo moja.

"Mjombako mgongo umekwisha, hawezi tena kuingia kaburini. Mimi siku yangu ikifika utaniteremsha wewe. Sitaki kushikwa na mikono ya watu."

"Mama, maneno gani hayo asubuhi yote hii?"

"Nijibu."

"Nitakuteremsha mimi, inshallah."

Aliendelea kuchambua mchele wake. Hakunitaka kitu kingine tangu nianze kupokea mshahara. Hakutaka bati wala kanga, wala kwenda kuiona Nairobi. Alitaka hilo tu.

Kambini nilikuwa na ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, mdogo wake mamangu. Ni mimi niliyemwingiza jeshini, na kwa juhudi zake mwenyewe akawa koplo. Kwa sababu ni ndugu yangu nilimbana kuliko wengine wote, watu wasije wakasema. Jumatatu moja asubuhi alisimama mbele ya meza yangu na simu mkononi. Ilitoka kwa mjomba, imepelekwa kutoka posta ya Kwale. Ilikuwa na maneno matatu: "Njoo nyumbani upesi."

"Nani mgonjwa?" nikamwuliza.

"Haikusema, afande."

"Haikusema. Na amri mlangoni inasemaje?"

"Afande, wewe ni mtu wa kwetu." Alisema kwa sauti ya chini, maana karani wangu alikuwa akisikiliza. "Wajua kwetu hawaandiki."

Nilijua. Bila shaka nilijua. Kwetu mtu aliye mbali hapelekewi msiba kwa karatasi. Anaitwa tu, aje, akifika akalishwe kitako, apewe maji, ndipo aambiwe na mtu wa damu yake. Kumwandikia mtu kifo, akakisoma peke yake katikati ya wageni, ni ukatili, na kumwandikia kwamba mgonjwa karibu anakufa ni kama kumkatia mgonjwa tamaa. Mtoto wa miaka saba wa Mwabungo anayafahamu haya. Mimi, mwenye taji la cheo mkononi na viatu vya kung'aa, nilimwambia koplo alete muhuri wa chifu, na nilisema kwa sauti kubwa ili karani asikie vizuri.

Saa sita mchana ikaja simu ya pili, hii yangu mimi. Ilitoka kwa mjomba, maneno yale yale matatu.

Nilikaa nayo. Kamanda alipita, akaniona, akaichukua akaisoma kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Akasema, "Nenda. Gari la moshi la leo jioni. Nitatia sahihi sasa hivi."

Ningeondoka jioni ile, asubuhi ningekuwa Mombasa, nivuke feri Likoni, na adhuhuri hainikuti ila niko Mwabungo. Nikamtazama karani. Karani aliinamia karatasi zake, lakini kalamu yake ilikuwa imesimama. Nikaona kambi nzima jioni ile ikisema kwamba waranti amemnyima ndugu yake asubuhi, mchana akajipa mwenyewe.

Nikasema, "Ahsante, afande. Nitangoja barua ya chifu."

Wengine watasema huo ni uadilifu. Kilikuwa kiburi, wala si kingine. Nilimpelekea mjomba simu nikimtaka aeleze kuna nini na apeleke barua yenye muhuri. Jioni ile koplo hakuonekana kwenye gwaride la kuhesabiwa. Alikuwa ametoka getini na mavazi ya nyumbani, akapanda gari la moshi. Nikaandika jina lake katika kitabu cha watoro.

Barua ya chifu ilifika Jumamosi. Ilipigwa muhuri vizuri sana, wino haukutapakaa hata kidogo. Ilisema mamangu amefariki Jumatano alfajiri.

Nilifika nyumbani Jumapili. Khitma ilikuwa imekwisha kusomwa, sufuria za watu zimerudishwa. Mjomba alinikalisha akanipa maji, kama inavyotakiwa, ingawa hapakuwa na cha kunificha tena.

"Nilipokupelekea simu alikuwa hai," akasema. "Jumanne kutwa yuwakuuliza. Kila mlango ukiguswa asema, ndiye? Ulitaka niandike nini, mwanangu? Niandike mamako yuwafa, karani wa posta asome kabla yako?"

Niliyaweka maji chini.

"Tulikungoja Jumatano mpaka alasiri. Watu wakasema maiti hawekwi hivyo. Tukazika."

"Nani aliyemteremsha?"

Mjomba alinitajia yule koplo. Alikuwa amefika Jumanne, akamwosha mamangu miguu, akamlisha uji, na Jumatano akaingia kaburini, akampokea na kumlaza mwanandani kwa mikono yake. Baada ya khitma akaondoka mwenyewe kurudi kambini, akijua kinachomngoja. Magari yetu ya moshi yalipishana njiani.

Nilikwenda makaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nilisimama pale kama mtu aliyekosea nyumba.

Niliporudi kambini koplo alikuwa katika chumba cha walinzi, anangoja kesi. Na mshtakiwa huingizwa mbele ya kamanda na waranti ofisa. Nikamvua kofia na mshipi, nikamtia ndani kwa mwendo wa gwaride, kushoto, kulia, nikasoma shitaka. Siku tano bila ruhusa.

"Ulikuwa wapi?" kamanda akamwuliza.

"Mazikoni, afande. Nilimzika mama mkubwa."

Kamanda akanigeukia nimfasirie. Nikamwambia ni ndugu wa mamake. Tafsiri yenyewe haikuwa na kosa. Amri ilisema mzazi, mke au mtoto, nami ndiye niliyeiandika.

"Ana barua ya chifu?"

"Hana, afande."

Barua ilikuwa mfukoni mwangu, kifuani, ndani ya shati lile lile nililovaa. Kamanda alikuwa amenipa pole ya mamangu asubuhi ile, hakujua kwamba mazishi ni mamoja. Ningemwambia kwa maneno matano. Koplo mwenyewe hakusema, alitazama ukuta, akaniachia mimi niseme. Nilifungua kinywa, nikaona uso wa karani mlangoni, nikakifunga. Akapewa siku ishirini na nane ndani, kisha kufukuzwa jeshini.

Nilimtoa mimi. Kutoka ofisini mpaka chumba cha walinzi kulikuwa na uwanja wa changarawe, jua kali, na hapakuwa na mtu wa karibu. Tulipofika katikati alisema bila kugeuka, taratibu, kama mtu anayekabidhi kazi:

"Alikuwa mwepesi, kaka. Sikupata taabu kumpokea."

Nikamwambia, "Kimya." Kisha nikamwambia, "Kushoto, kulia."