Nusu Kidonge cha Waseme

Jina la mbwa lilikuwa jibu kwa majirani. Élisabeth, binti wa pekee wa Kankolongo na Ndaya, alishikwa na kifafa tangu ana miaka tisa, na katika kambi ya wafanyakazi wa reli hapo Kindu maneno juu yake hayakukauka. Wengine walikataza watoto wao kunywa kikombe kimoja naye. Wengine walisema wazazi wake walitoka na laana huko Kasai. Alipopewa kitoto cha mbwa cha rangi ya udongo, msichana akakiita Waseme, na kila jioni alisimama mlangoni akakiita kwa sauti, kambi nzima ikasikia.

Élisabeth alikufa mwaka wa themanini na mbili, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, watu wote wako kwenye salongo, wanafyeka majani kando ya reli kwa amri ya Chama. Baba yake alikuwa muuguzi wa zahanati ya kambi, ufunguo wa kabati la dawa ulikuwa mfukoni mwake, na ndani ya kabati hakukuwa na kitu isipokuwa vidonge vya malaria na chupa ya dawa nyekundu ya vidonda. Treni ya kusini ilikuwa haijafika kwa wiki saba. Kifafa kilimshika Élisabeth saa moja, kikamwachia, kikamrudia. Kufika saa nne hakikumwachia tena.

Siku ya kumi na sita baada ya mazishi, treni ikaingia. Ilileta mahindi, saruji, na kifurushi kutoka kwa kaka yake Ndaya aliyekaa Lubumbashi. Ndani yake mlikuwa na chupa kubwa ya Gardenali, dawa ya kifafa, imejaa hadi kifunikoni.

Kankolongo alijua mahali pa chupa ile ni zahanati. Aliishika mkononi muda mrefu.

"Ile njo ya mutoto," Ndaya alisema, na akaifungia kwenye sanduku pamoja na nguo za marehemu.

Miaka miwili chupa ilikaa humo. Kisha Waseme mwenyewe akaanguka. Alikuwa mzee sasa, macho yamefunikwa na ukungu, miguu ya nyuma imelegea. Alikuwa anavuka ua kwenda kwenye kivuli, mara akapinduka ubavu, meno yakagongana, povu likamtoka, miguu ikapiga hewa kama anayekimbia. Majirani waliona. Siku ya pili mkubwa wa mtaa, mzee Onema, alifika na beji yake ya Chama kifuani, akasema kwa upole kwamba watu wanaogopa, mbwa amelamba ugonjwa wa yule mtoto, afadhali auawe kabla hajaambukiza wengine.

"Kifafa haiambukizi, mzee," Kankolongo alisema. "Nimeambia hawa watu miaka kumi na mbili."

"Mimi nasikia, munganga. Wao hawasikii."

Ndaya alitoka ndani na chupa mkononi. "Atakunywa dawa," alisema. "Wape hii habari."

Basi ikawa kazi yake. Kankolongo alipima kwa macho uzito wa mbwa, akasema nusu kidonge asubuhi, nusu jioni. Kusema ni rahisi. Gardenali ni chungu, na Waseme, japo macho yalikuwa yamekufa, pua ilikuwa hai. Ndaya alificha nusu kidonge ndani ya donge la bukari, ugali wa muhogo. Mbwa alikula bukari, kidonge akakitema kikiwa safi kama kimeoshwa. Ndaya alikisaga akakichanganya na maji ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mbwa alinusa sahani, akaenda kulala. Alikisokomeza kwenye tumbo la samaki mkavu. Mara tatu ilifaulu, mara ya nne mbwa akakataa samaki, na tangu hapo hakula samaki tena nyumbani humo.

Mwisho Ndaya alipata njia yake. Alikaa chini kwenye mkeka, akambana mbwa kati ya magoti, akakichovya kidonge ndani ya mafuta ya mawese, akafungua mdomo kwa kidole gumba nyuma ya meno, akakitupa mbali kooni. Kisha alifumba mdomo ule kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akamsugua koo kutoka juu kwenda chini, akimsemesha kwa Kiluba, maneno yale yale aliyokuwa akimwambia Élisabeth alipokuwa mdogo na kukataa dawa. Kankolongo aliyasikia kutoka chumbani akivaa viatu. Hakuwahi kutoka mpaka yamekwisha.

Dawa ilishika. Mbwa aliyekuwa anaanguka kila siku ya tatu akawa anaanguka mara moja kwa mwezi, na mwaka wa themanini na tano ulipoanza hata hiyo ya mwezi ilikuwa imekoma. Chupa nayo ilikuwa imeshuka chini ya nusu, tena chini ya robo.

Mwezi wa pili, mwanamume mmoja alifika zahanati akiwa amembeba mke wake mgongoni. Aliitwa Assani, mpakuzi wa mizigo bandarini. Mke aliitwa Safi, mtu wa Kasongo, hajafika miaka ishirini na mitano. Mkono wake wa kushoto, kutoka vidole hadi kwenye kiwiko, ulikuwa umeiva. Alikuwa akipika mawese alipoanguka, na mkono ukaingia chini ya sufuria, ukabaki humo kwa sababu hakuna aliyekuwepo wa kuutoa.

Kankolongo alisafisha kidonda. Safi hakulia. Alitazama ukutani, kwenye picha ya Rais, kama mtu aliyechoka tu.

"Anaanguka tangu lini?"

"Tangu nilimuoa, na mbele ya pale," Assani alisema. "Mwaka huu imezidi. Wiki hii mara nne. Sasa akina mama wanamukimbia, akianguka hakuna mutu anamugusa. Munganga, kuna dawa ya hii?"

"Ipo dawa."

"Hapa?"

Kankolongo alifungua kabati, akalifunga. "Hapa hakuna."

Assani aliangalia miguu yake. Alikuwa mtu mpana, mikono imekauka kwa kamba na magunia. "Wanasema kwako iko," alisema taratibu. "Wanasema unapea mbwa. Mimi sikuamini. Mimi nilisema, watu wa kambi wanapenda kusema."

Hakuweka lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililomshinda Kankolongo. Angetukanwa angejua la kujibu.

"Rudi kesho," alisema.

Jioni ile alikaa uani akamtazama mke wake akipambana na mbwa. Mafuta yalimtiririka Ndaya mpaka kwenye viwiko. Alipomaliza aliegemea ukuta, akahema, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Waseme. "Huyu njo alilala kwa mulango ya chumba yake siku ile," alisema. "Tulimufukuza, akarudi." Kankolongo alikuwa ametaka kumweleza habari ya Safi. Akainuka, akaenda kuwasha taa.

Alilolifanya kesho yake, alilifanya kwa ustadi wote wa miaka ishirini na sita ya kazi. Alimwambia Ndaya kwamba amezeeka mno kwa kazi ya kukata vidonge na kisu cha jikoni, kwamba yeye mwenyewe atakata kila asubuhi na kuacha vipande kwenye kisosi. Alileta kutoka zahanati kopo la vitamini, vidonge vyeupe, upana ule ule. Alijua dawa hii haikatwi ghafla, kwa hiyo wiki ya kwanza alipunguza robo, ya pili akapunguza tena, wiki ya nne kwenye kisosi hakukuwa na kitu ila vitamini. Gardenali iliyobaki aliifunga katika karatasi ya gazeti, akampelekea Safi kwa mkono wake kila Jumatatu, vidonge saba, akasimama mpaka anywe cha kwanza. Ndani ya chupa aliweka vitamini.

Safi aliacha kuanguka siku ya tisa.

Na kila siku, asubuhi na jioni, Ndaya alikaa kwenye mkeka na kumbana mbwa. Ungefikiri Waseme, asiposikia uchungu ulimini, angelegeza. Hakulegeza. Alikuwa amejifunza kuchukia vidole vile, si dawa peke yake, na mwisho wa mwezi wa tatu akamng'ata. Jino liliingia kwenye nyama ya kidole gumba mpaka chini. Kankolongo alimfunga mkewe bandeji, akaifungua, akaifunga tena, naye Ndaya akacheka kidogo.

"Unarudia-rudia nini? Umeshona watu walikatwa na treni."

"Acha kumupa," alisema. "Amezeeka. Mwache."

"Nimwache aanguke?" Ndaya alivuta mkono wake. "Yule mwingine tulikosa dawa. Huyu dawa iko. Baba Élisabeth, mimi sitaacha."

Kesho yake alimbana mbwa kwa mkono uliofungwa bandeji, akampa kidonge ambacho hakikuwa kitu.

Mwezi wa nne, siku ya Jumanne, mvua ikinyesha tangu alfajiri, Waseme alianguka chini ya meza. Ndaya alimtuma jirani kumwita mume wake zahanati. Alipofika, mbwa alikuwa ameanguka mara tatu. Kankolongo alipiga magoti sakafuni. Alijua anachokiona, alikuwa amekiona sakafuni pale pale. Taya zilikuwa zimebana, ulimi umekatika pembeni, macho yamegeuka meupe. Ndaya alikuwa anajaribu kuingiza kidonge kati ya meno.

"Haipiti," alisema. "Nisaidie, haipiti."

"Acha, mama."

"Nisagie basi. Nisagie na maji."

"Ndaya. Acha."

Alienda mbio zahanati, akarudi na sindano ya dawa ya usingizi iliyobakizwa kwa ajili ya upasuaji, ya mwisho iliyokuwa huko. Hakuuliza mtu ruhusa. Alimchoma mbwa kwenye paja. Miguu ilipunguza mbio, ikapunguza tena, kifua kikapanda mara moja kwa shida, kisha hakikupanda. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hakuna aliyesikia pumzi ya mwisho.

Walimzika nyuma ya nyumba, chini ya mipapai, udongo mwekundu ukishikamana na koleo. Ndaya alitupa kiganja kimoja cha udongo, akaenda kunawa. Aliporudi alichukua chupa kutoka kwenye sanduku, akaitazama.

"Mbona ilimukamata wakati anakunywa?" aliuliza. "Kila siku alikunywa. Mimi mwenyewe nilisugua koo."

Mtu mwingine angesema dawa imeoza, ni ya zamani. Maneno hayo yalikuwa yamekaa tayari mdomoni mwa Kankolongo. Alikuwa ameyatayarisha wiki nyingi. Badala yake alivuta kiti, akakaa, akamweleza yote: Assani, mkono ulioiva, kisosi, kopo la vitamini, Jumatatu.

Ndaya alisikiliza akiwa amesimama. Alimwaga vidonge kwenye kiganja, akaweka kimoja juu ya ulimi, akakitafuna. Hakikuwa kichungu. Alikimeza.

"Tangu siku gani?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Hata siku aliniuma?"

"Hata siku ile."

Maji yaliyokuwa motoni yalikauka, sufuria ikaanza kunuka, Ndaya akaiepua.

"Ungeniuliza," alisema.

"Ungekatala."

"Ningekatala," Ndaya alisema. "Siku mbili. Siku tatu. Kisha ningekubali. Wewe unanijua miaka yote hii, hukuweza kunipa siku tatu."

Hakupiga kelele wala hakulia mbele yake. Alihamisha mkeka wake kwenye chumba cha Élisabeth, akalala huko. Alimpikia, alimfulia, alimjibu akiulizwa. Kankolongo alikula peke yake mwezi wa nne wote na wa tano. Kazini watu waliona amekonda, wakadhani ni tumbo.

Mwezi wa sita, Jumatatu moja, alipokuwa anahesabu vidonge saba kwenye gazeti, Ndaya alisimama mlangoni amevaa kikwembe cha kutokea. "Leta," alisema. "Nionyeshe nyumba iko wapi."

Walitembea hadi bandarini. Safi alikuwa anatwanga sombe kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umepona vibaya, vidole viwili vimeshikamana. Aliinua kichwa, akamwona mwanamke asiyemjua, akaleta kiti kama inavyopasa.

"Karibu, mama."

Ndaya hakukaa mara moja. Alimtazama toka miguu hadi kichwa, akautazama mkono ule muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Hii dawa inakaa chungu mudomoni," alisema mwishowe. "Unaikunywa na nini?"

"Na maji tu, mama."

"Hapana. Na mafuta kidogo ya mawese. Inateleza." Akakaa. Akafungua karatasi juu ya mapaja yake, akamwonyesha.

Kankolongo alibaki nje kwenye jua, kofia mkononi. Alikuwa ameshafanya hesabu: vilivyobaki havitafika mwezi wa nane. Barua mbili zilikwenda Lubumbashi na hakuna jibu lililorudi. Kaka yake Ndaya, walisikia baadaye, alikuwa ameshafariki.

Vidonge viliisha siku ya ishirini na tano ya mwezi wa saba. Safi alianguka tena mwanzo wa mwezi wa nane, kisha kila wiki. Ndaya ndiye aliyemwambia Assani ajenge jiko la udongo lenye ukuta, lililoinuliwa juu ya kiuno, ili anayeanguka asiufikie moto, na ndiye aliyekaa na Safi siku za kupika, kuanzia asubuhi hadi mume anaporudi na harufu ya chumvi na saruji mwilini. Wanawake wa bandarini walimwonya asimguse akianguka, povu litamshika. Aliwaambia ameligusa miaka kumi na mbili. Nyumbani aliendelea kulala kwenye chumba cha binti yake, na Kankolongo hakumwomba arudi.