Turubai za Sebuleni kwa Mama Fredi

Watu wa Goba wakikwambia harusi fulani ilifana, hawamsemi bibi harusi. Wanaisema pilau ya Adelina, Mama Fredi, mjane wa Kasulu mwenye mikono minene na mdomo usiojua kulala. Mwandishi wa haya ameshakula pilau toka Tanga mpaka Lindi, nyingine kwenye shughuli ambazo hakualikwa, kwa hiyo asiyeamini alete ushahidi wa tumbo. Pilau ile ilikuwa inamaliza ugomvi wa mahari.

Mwaka huu Adelina hapiki harusi Goba. Hakuna anayemwita. Sababu ni turubai.

Yalianza wanajeshi wenye mizinga walipoivamia miji ya ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Watu wakakimbilia maboti na nguo za mwilini, wengine wakashukia Kigoma. Kati yao alikuwamo Clara, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye zamani za amani kila akija Kariakoo kufunga mzigo alikuwa analala kwa Adelina, akidai gesti za mjini zina kunguni wa aina mbili, wa kitandani na wa kugonga mlango. Safari hii Clara alikuwa na mapacha wachanga. Kutoka kituo cha kupokelea wakimbizi akatuma ujumbe wa sauti:

"Ma dada Adelina, siye tuko inje. Mvua ikinyesha ninasimama na hawa batoto mupaka iishe. Mumoja anakohoa sana."

Adelina akawasikilizisha watu ujumbe ule uwanjani pa kanisa baada ya misa, machozi yakimtoka. Watu wakaguswa. Wakaguswa kweli, na papo hapo wakaunda kamati.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sisi watu wa Dar kamati tunayoijua ni moja tu, ya harusi. Tupe msiba, tupe mafuriko, tupe vita ya watu wengine, tutachagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati ndogo ya vinywaji. Uenyekiti akauchukua Mzee Stanley, mstaafu mwenye suti tatu, mtu ambaye hawezi kuona viti vimepangwa bila kukalia cha katikati. Vikao vikawa kila Jumapili kwenye baa ya barabarani, kuku wakichomwa. Adelina akauliza wakimbizi wanahitaji kamati ndogo ya vinywaji ya nini. Akaambiwa, "Mama Fredi, utaratibu."

Lakini wananchi walichanga, lazima lisemwe hilo. Wasichana wa saluni, vijana wa bodaboda, hata muuza mkaa aliyekuwa anadaiwa kodi ya chumba. Zikanunuliwa turubai, blanketi, sufuria na sabuni, vyote vikarundikwa sebuleni kwa Adelina, maana kwenye harusi yeye ndiye mtunza stoo. Pembeni yake ukawekwa mchele, mafuta na sukari. Hivyo vilikuwa vya Siku ya Kukabidhi. Mzee Stanley alishaamua pawepo ukumbi, mshereheshaji, mgeni rasmi na keki. Mwisho likaletwa furushi la kanga za sare. Katikati ya kila kanga kulikuwa na picha ya Mzee Stanley mwenyewe, anatabasamu, amenyoosha blanketi kwa mtu ambaye mchapaji hakumwonyesha.

Wiki zikapita. Kila mvua ilipopiga mabati ya Goba, Adelina alikaa sebuleni akizitazama turubai zile. Zilikuwa kavu kabisa.

Ndipo akasikia habari za lori. Shirika moja la misaada la nje lilikuwa na lori linalotoka Kurasini kwenda Kigoma alfajiri ya Jumamosi, lina nafasi, na lingebeba mzigo wao bure. Akaipeleka habari kwenye kikao akitweta.

"Jumamosi si ndiyo siku yetu ya kukabidhi?" Mzee Stanley akauliza, kijiti kikiwa bado menoni.

"Ndiyo hiyo. Mzigo uondoke, sherehe mfanye."

"Sasa mgeni rasmi atakabidhi nini, Mama Fredi? Hewa?"

Wajumbe wakacheka, mmoja akapiga meza.

"Mtoto anakohoa, Mzee Stanley."

"Tunajua. Si ndiyo maana tumekaa hapa?" Akainua glasi kuonyesha jinsi walivyokaa. "Lori lingine litakuja. Wazungu hawaishiwi malori. Wewe tuandalie pilau."

"Umewahi kulala nje na mvua inanyesha, wewe?"

"Mama Fredi, hasira hasara."

Adelina hakujibu, na waliomjua vizuri walipaswa kuogopa hapo. Mwanamke yule akigomba, umepona. Akinyamaza, anza kutafuta njia.

Alikuwa anamkumbuka mama yake. Adelina akiwa mdogo kule Kasulu, watu wa Burundi walipita mbele ya nyumba yao, wamebeba vitoto na kuku, risasi zikiwa nyuma yao. Mama yake aliingia ndani, akavuta blanketi kitandani likiwa bado na joto la watoto, akamtwika mwanamke wa kwanza aliyemwona. Kisha akarudi kupalilia. Nani alipiga makofi? Mgeni rasmi alikuwa nani?

Ijumaa mchana akampigia Mbwana, Mzaramo wa Temeke mwenye kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo kanakombebea sufuria zake za shughuli. Mbwana akaingia sebuleni, akashika kiuno.

"Tunahamia wapi, Mama Fredi? Mwenye nyumba kakuchoka?"

"Nyumba yangu, wewe Mzaramo. Pakia. Tunakwenda Kurasini."

Akapakia turubai, blanketi, sufuria na sabuni. Alipofika kwenye mchele akasita.

"Na huu? Si wa shughuli yenu ya kesho?"

"Wewe ulichanga?"

"Nilichanga."

"Ulimchangia nani?"

"Wakimbizi."

"Na kesho umealikwa?"

Mbwana akakuna kichwa. "Sijaalikwa."

"Basi pakia."

"Nyie watu wa mwisho wa reli mna roho ngumu," akasema, akautupia mchele garini, na mafuta, na sukari. Likabaki furushi la kanga. Akafunua moja, akakutana uso kwa uso na Mwenyekiti. "Na huyu mzee je?"

Adelina akaitazama ile sura inayotabasamu. "Naye aende. Akawaone."

Kabla ya kupanda garini akampigia muuza nyama wa Vingunguti, akamwambia ile nyama ya kesho asihangaike nayo.

Kurasini walipenya kati ya makontena mpaka kwenye yadi. Wakapokelewa na Naima, binti wa lile shirika, kizibao cha kung'aa kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mzigo huu hapa."

"Tunashukuru. Ila mama, kila kifurushi lazima tukibandike nembo yetu, na tupige picha ya wafadhili kabla hakijapanda."

Adelina akaguna. Kumbe Mzee Stanley ana ndugu mpaka Ulaya.

"Bandika, mwanangu. Ukitaka nibandike na mimi kwenye paji la uso. Ila likipambazuka lori liwe barabarani."

Naima akainamisha macho. Akabandika upesi upesi, picha akapiga moja, tena ya haraka.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Muziki ukapigwa, mgeni rasmi akakaa, Mzee Stanley akatokeza na suti ya tatu. Wakaulizana kanga ziko wapi. Wakaulizana na chakula kiko wapi, maana mabakuli yalikuwa yamepangwa vizuri yakiwa matupu. Adelina alikuwa amesimama mlangoni, aproni kiunoni.

"Mama Fredi, mzigo uko wapi?"

"Njiani, baba. Saa hizi unaitafuta Dodoma."

"Na pilau?"

"Mchele uko humo humo."

Mzee Stanley akaugeukia ukumbi mzima. "Mnasikia? Huyu mama ameiba mali ya kamati."

"Mali ya kamati ni ipi?" Adelina hakupandisha sauti, na ukumbi ukalazimika kunyamaza ili umsikie. "Muuza mkaa alitoa ili ule wewe? Watu wamekimbia mizinga, wanalala kwenye matope, mie nimekaa na turubai zao mpaka nimezizoea kama makochi. Zilikuwa zinamsubiri huyu bwana apigwe picha. Kama bado anataka kukabidhi, alifukuze lori."

Vijana wa bodaboda walioalikwa kubeba viti wakapiga miluzi. Wajumbe wakanuna kwa njaa zaidi kuliko kwa aibu. Na kwa kuwa keki ilikuwa imeshalipiwa, ikaletwa. Ilikuwa ya umbo la hema la wakimbizi, na mlango mdogo wa krimu. Wakalikata lile hema, wakalishana mmoja mmoja, wakala mpaka likaisha. Adelina aliangalia mpaka kipande cha mwisho, akavua aproni, akaondoka.

Kamati ikamfukuza. Harusi ya binti wa Mzee Stanley akapewa mpishi mwingine, ambaye pilau yake inafaa kubandikia matangazo, na walioogopa kumuudhi Mwenyekiti wakafuata. Sasa Adelina anauza chapati mlangoni, na akiulizwa habari za kamati, anakisukuma kifimbo cha chapati kwa nguvu ambayo chapati haikuistahili.

Ujumbe wa Clara ulikuja anapika.

"Ma dada, turubai tumepata. Tuko mukavu sasa. Lakini huyu muzee wa kwenye kanga ni nani? Hapa kila mama amemufunga mugongoni. Batoto banamukojolea usiku yote."

Wateja wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Adelina hakucheka. Aliurudia ujumbe, simu kaigandamiza sikioni, maana nyuma ya sauti ya Clara mtoto alikuwa anakohoa. Akasikiliza kama kifua kimelegea au kimezidi. Hakuweza kujua. Wiki zote zile za vikao na kuku zilikuwa ndani ya kikohozi kile.

Akafuta unga mikononi, akabonyeza, akamjibu:

"Ni mtu aliyekucheleweshea turubai, mdogo wangu. Mfunge mtoto vizuri asipigwe na baridi. Mzee mwache aloe."