Bati la Herufi Nyekundu

Komadre wangu Primitiva haogopi mbwa wala radi, na askari wa sokoni walipotaka kumwaga uji wake wa mahindi aliwatimua kwa mwiko. Lakini siku alipoambiwa kuna mwalimu anakuja kutoka mjini kuwapima watoto wa darasa la kwanza, kuona nani anashindwa kusoma, alikaa chini mlangoni kwake, akajifunika shali mpaka machoni.

"Wanakuja kumchukua binti yangu Nelva," akasema.

"Wamchukue wampeleke wapi? Ni kupimwa tu, komadre."

"Hata Hilarión walisema ni kupimwa tu."

Hilarión alikuwa kaka yake. Alipokuwa mdogo, mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa, akampa kitabu, akashindwa, akaambiwa kichwa chake ni cha llama na aende akachunge wenzake. Akachunga. Baadaye akaingia mgodini kama wanaume wote wa hapa, na huko akafia, kwenye shimo la zamani juu ya kilima, lililokuwa limetegwa baruti. Watu walisema alikuwa amelewa. Primitiva alikuwa na lake moyoni: kama wasingempima angebaki shuleni, na kama angebaki shuleni angekuwa hai.

Huyo Nelva nywele zake za kwanza nilizikata mimi, na kwa desturi yetu ukishamkata mtoto nywele unakuwa mama yake wa pili, na wewe na mama yake mnaitana komadre. Kwa hiyo hofu ya Primitiva ilikuwa yangu pia. Mtoto ana ulimi, jamani! Atakueleza nani kagombana na nani mtaa mzima. Lakini mpe kitabu. Atatazama picha, atakutazama usoni, kisha atatunga, na atatunga vizuri mpaka utaapa kwamba amesoma. Mama yake alijua, mimi nilijua, na sote tuliogopa kulitaja.

"Mtoto si mjinga," Primitiva akaniambia. "Roho yake imeanguka."

Kwetu mtoto akishtuka sana, roho humtoka ikabaki palepale aliposhtukia, naye hurudi nyumbani nusu. Mwaka uliopita mama na mtoto walikuwa wakiokota samadi ya kuwashia moto karibu na lile shimo la zamani, baruti ikalia upande wa pili wa kilima, Nelva akaanguka kifudifudi. Kwa mama yake, tangu siku ile herufi zilikataa kuingia.

Asubuhi ya kupimwa, badala ya kumpeleka shuleni, Primitiva akanigongea mlango na mtoto mkononi, sweta ya mtoto begani na majani ya koka mfukoni.

"Twende tukaiite. Ikisharudi, wampime wanavyotaka."

"Mwalimu anaondoka na basi la mchana."

"Safari njema kwake."

Nilimfuata. Mtu haendi kuita roho peke yake, na kusema kweli niliogopa kumwachia mtoto.

Kule juu upepo ulikuwa unakata masikio. Primitiva akatandaza koka mbele ya shimo, sadaka kwa kilima, akaipeperusha ile sweta, akaita: "Nelva! Njoo, mwanangu! Twende nyumbani, usikae humo, kuna baridi!" Sauti ikaingia shimoni, ikaturudia nene. Mtoto nimemshika mkono, na mama yake anamwita kutoka gizani!

Akaita mpaka sauti ikakauka. Kisha akataka kujua kama imerudi. Juu ya mdomo wa shimo chama cha wachimbaji kilitundika bati zamani, Hilarión angali hai, lina herufi nyekundu.

"Haya, mwanangu, msomee huyu mama Teófila lile bati."

Nelva akalitazama bati. Akamtazama mama yake usoni. Akatabasamu.

"Linasema karibuni ndani, mkate wa moto upo."

Duka la mikate la Don Severo kijijini nalo lina bati la herufi nyekundu. Na kwa kuwa alishasema, ilibidi aonyeshe ameamini: akaniponyoka, akainama chini ya waya uliozungushiwa shimo, akaingia. Nilipiga kelele. Primitiva alimdaka sketi akamvuta nje, wakaanguka wote wawili kwenye changarawe.

Bati lilisema: HATARI. BARUTI. USIINGIE.

Primitiva alibaki palepale chini, amemkumbatia mtoto, macho kwenye bati.

"Hakuwa amelewa," akasema. "Teófila, kaka yangu hakuwa amelewa. Alilitungia hili bati."

Tuliteremka kile kilima mbio, wanawake wazima, kofia mkononi. Mimi nilikuwa namwomba Bikira alitoboe lile basi gurudumu. Tukamkuta mwalimu ameshaweka mguu ndani. Primitiva akamshika mkono wa koti.

"Mpime huyu."

"Mama, nimeshafunga mizigo. Mwaka ujao—"

"Mwaka ujao wa nani?" Akaenda akasimama mbele ya basi.

"We mama, toka barabarani!" dereva akafoka.

"Nigonge!"

Mwalimu akashuka. Akamketisha Nelva kwenye benchi la shule, akatoa kadi za maneno. Nelva akaitazama kadi, akainua macho kuutafuta uso wa mwalimu. Mwalimu akajifunika uso kwa kadi ileile. Hapo mtoto hakuwa na pa kutazama. Nikaona anaogopa kama sisi, na pengine ameogopa hivyo mwaka mzima huku akitabasamu.

"Sijui," akanong'ona.

"Vizuri," mwalimu akasema. "Ahsante kwa kuniambia kweli."

Akampa michezo ya kutamka na kadi nyingine, dereva akipiga honi. Mwishowe akamgeukia Primitiva. "Mtoto ana akili zake timamu, mama. Herufi ndizo zinamsumbua. Atabaki darasani, na nitamwonyesha mwalimu wake namna ya kumfundisha polepole. Atasoma."

Primitiva alilia bila kujificha.

"Jambo hili mara nyingi hufuata ukoo," mwalimu akasema. "Kuna ndugu mwingine aliyekuwa hivi?"

"Kaka yangu."

"Basi mlete nikirudi. Hata mtu mzima hajachelewa."

Primitiva akageuka kutazama kilima. Nikajibu mimi.

"Huyo kachelewa, mwalimu. Tufundishie huyu."