Polishi Yangu ya Mafuta ya Kondoo

Shida zilinianza mwaka wa 1984, nikiwa na miaka kumi na miwili. Ukame ulimaliza ng'ombe wetu, nikaacha shule. Tangu hapo sinunui kitu ninachoweza kujitengenezea.

Majuzi tulikuwa tunapeleka mahari ya kijana wangu huko Kisaju. Nilitaka wakwe wajue sisi si watu wa kuombaomba. Kijana akaniambia, "Baba, rangi ya gari imefifia. Nunua polishi."

Nikamjibu, "Mafuta ya kondoo inang'arisha ngozi. Rangi si ngozi ya gari?"

Nikapaka kutoka boneti mpaka buti, nikasugua na blanketi kuukuu. Ikang'aa, wacha tu!

Kule Kisaju, baba ya msichana akaisifu. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Hiyo ni polishi ya Ujerumani. Sisi hatupaki takataka."

Tukaketi kuongea mahari. Mara wazee wakaanza kucheka. Kugeuka, naona mbwa wote wa boma wanalamba gari langu, mmoja amepanda juu ya boneti. Kijana wangu akafunika uso.

Baba ya msichana akakohoa kidogo. "Mkwe, hiyo polishi ya Ujerumani ilichinjwa lini?"